Mzinga na Mkono Unaoulisha: Mhadhara Uliotolewa Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wakazi wa Kisumu mliofika jioni hii, nawashukuru kwa mwaliko wenu. Nimeombwa nizungumzie mizinga na sera ya ulinzi wa taifa, nami nitashikilia hoja moja: nguvu ya mzinga haimo katika mtutu wake, bali katika watu na vitu vinavyouwezesha kupiga leo, kesho na mwezi ujao.

Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ziliondoka katika bandari ya mji huu zikiwa na askari wa upande wa Uingereza waliokwenda kuishambulia Bukoba na kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mwezi uliofuata, huko katika mto Rufiji, Wajerumani walipoteza manowari yao Königsberg, lakini waliiopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaifungia magurudumu na kuipeleka nchi kavu. Mizinga hiyo ilipigana vitani kwa miaka, na mmoja wao umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Mgeni anayeutazama huona chuma tu. Asichokiona ni umati wa watu walioukokota kwa kamba katika matope, wala wapagazi wa pande zote mbili, wakiwamo maelfu waliochukuliwa hapa Nyanza, waliobeba chakula na risasi hadi wengi wao wakafa kwa maradhi na uchovu.

Siku hizi wapiga mizinga kwa kawaida hawamwoni adui wanayempiga. Mwangalizi aliyejificha mbele, au ndege ndogo isiyo na rubani, hutuma mahali pa shabaha kwa redio. Nyuma, wakokotozi huzingatia umbali, mwinuko wa ardhi, upepo, joto la hewa na hata uchakavu wa mtutu, kisha hutoa pembe na kiasi cha baruti. Kombora la kwanza huanguka, mwangalizi husema liongezwe mita mia mbili au lisogezwe kushoto, na la pili hukaribia zaidi. Wakati huohuo rada ya adui huweza kulinasa kombora likiwa angani na kukokotoa lilikotoka, hivyo kikosi kisichohama upesi baada ya kupiga hupigwa chenyewe. Ndiyo maana mizinga iliyopachikwa juu ya malori imepata wanunuzi wengi, ikiwamo Kenya iliyonunua Nora B-52 ya milimita 155 kutoka Serbia. Hata hivyo, lori zito lahitaji daraja imara na barabara isiyogeuka tope, na yeyote aliyepita nyanda za Kano wakati wa masika anafahamu ninachokisema. Mzinga mwepesi wa L118, ambao jeshi letu linao pia, hauzidi tani mbili na huweza kuning'inizwa chini ya helikopta, ingawa masafa yake ya kawaida ni kilomita 17 tu.

Majirani zetu wametuachia somo lililo karibu zaidi kuliko vitabu vya Ulaya. Katika vita vya Kagera, roketi za Tanzania zilitia hofu kubwa kiasi kwamba Waganda walizipa jina la Saba Saba. Lakini tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya, ilikuwa zamu ya Watanzania kurushiwa roketi na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Roketi hizo ziliwapita juu kwa juu, na bado wengi wa askari wa Brigedi ya 201, ambao walikuwa mgambo wasio na uzoefu, walivunja safu na kukimbia. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizunguka hadi barabara ya Kampala, na alfajiri ikashambulia kutoka nyuma. Walibya na Waganda wakashindwa. Nawasihi wanafunzi mlitafakari tukio hili kwa makini, kwa sababu vyuma vilikuwa vilevile usiku na asubuhi. Tofauti ilikuwa mafunzo, uongozi, na mwendo wa miguu gizani.

Vita vya Ukraine vimeongeza jambo jingine, nalo ni njaa ya makombora. Mwezi Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora milioni moja ya mizinga katika muda wa miezi kumi na miwili. Muda ulipokwisha, takriban nusu tu ndiyo yaliyokuwa yamefika. Ikiwa nchi tajiri zenye viwanda vya chuma na kemikali zilikwama hivyo, sisi tunaoagiza mizinga kutoka ng'ambo tunapaswa kujiuliza swali gumu zaidi. Kiwanda chetu cha silaha cha Eldoret kinatengeneza risasi za silaha ndogo, na hiyo ni heshima kwa mafundi wetu. Lakini kombora la milimita 155 lina uzito wa zaidi ya kilo 40, nao ufundi wa kulijaza baruti salama ni wa daraja nyingine kabisa.

Kwa hiyo naona tunakosea tunapoipima sera ya ulinzi kwa idadi ya mizinga inayopita mbele ya jukwaa siku ya Jamhuri. Katiba ya 2010, katika ibara ya 241, imeyapa Majeshi ya Ulinzi jukumu la kulinda uhuru na mipaka ya nchi, na Bunge ndilo linaloidhinisha fedha. Siri za kijeshi zina mahali pake, wala sidai kwamba hesabu ya maghala itangazwe sokoni. Ninachodai ni kwamba wabunge wetu, wakiwa katika vikao vya faragha ikibidi, waulize kila mzinga unaonunuliwa unakuja na makombora ya siku ngapi za vita, mitutu ya akiba iko wapi, waangalizi wangapi wamefuzu, na vikosi hupiga makombora halisi mazoezini mara ngapi kwa mwaka.