Peni Imeanguka, Nikaanza Kuhesabu Droo

Haya jamani, habari za nyumbani! Hapa Leicester, Uingereza, mvua ya rasharasha kama kawaida. Nimetoka kazini sasa hivi, hata koti sijavua, nikasema hii lazima niwasimulie.

Nilipoanza ukeshia kwenye duka moja huku, bosi alinielekeza namna ya kumrudishia mteja hela akirudisha bidhaa. Akaeleza mara ya kwanza, mara ya pili, mimi natikisa kichwa tu. Ya tatu ndiyo nikasema, "Aaah!" Akacheka: "The penny's dropped!" Yaani peni, ile sarafu ndogo ya huku, imeanguka. Jamani, keshia naambiwa hela imeanguka! Nikafungua droo nikahesabu upya. Mara mbili. Hela imetimia, na bosi ananikodolea macho.

Kumbe ni msemo. Na hiyo "kumbe" niliyotamka sasa hivi ndiyo maana yake hasa.

Zamani huku kulikuwa na mashine za kutumbukiza sarafu, kwenye stesheni za treni na sehemu za starehe ufukweni. Unatia peni, unapata chokoleti au unajipima uzito. Sarafu nyingine inakwama humo ndani. Unaipigapiga mashine kwa kiganja, kimya... mara, ko! Imeanguka, mashine inaitika. Inasemekana msemo umetokea hapo. Na peni za wakati huo zilikuwa kubwa, si hizi za leo. Pauni moja ilikuwa peni 240, hadi Februari 1971 walipoifanya 100. Siku hiyohiyo wakaachana na shilingi kwenye hesabu zao. Sisi waliotuletea bado tunayo, haya.

Sasa, ukiutumia, lazima pawe na kuchelewa. Ukielewa papo hapo, peni haikukwama popote. Kujisema mwenyewe, "then the penny dropped", hakuna shida, mtacheka wote. Ila usimwambie mkubwa wako kazini, maana ni kama unamwambia kichwa chake kizito.

Jirani yangu, bibi mmoja mstaarabu sana, kila tukikutana: lazima siku moja uje kwangu tunywe chai. Miezi mitatu nasubiri aniambie siku gani! Juzi nikamsikia akimwambia mleta barua maneno yaleyale, huku anafunga mlango. Ko! Ni kama sisi na "karibu tule", tonge la mwisho liko mdomoni.