Garimoshi la Kale na Sumu Iliyomo Ndani Yake

Wazee wetu, mabibi na mabwana, assalaam aleikum.

Mji huu wa Lamu haujapata kupitiwa na reli, lakini wakaazi wake wamezoea kulinda majumba ya kale tangu kabla haujaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kwa hiyo swali langu si geni kwenu: tunapohifadhi kitu cha kale, tunahifadhi nini hasa?

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi limesimama garimoshi nambari 5918, Mount Gelai, lililoundwa Manchester katika miaka ya 1950. Magarimoshi ya enzi hizo kwa kawaida yalivikwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto, kwenye boila ili joto lisipotee, kisha bati likafungwa juu yake. Asbesto ikivurugwa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo mtu akizivuta hukaa pafuni na huweza kuleta saratani miaka 20, hata 40, baadaye. Ndiyo maana kila boila ya kale huhesabiwa kuwa na asbesto mpaka maabara iseme vingine. Kuiondoa ni kazi ya mafundi waliofunzwa, ndani ya hema lililozibwa ambalo hewa yake huchujwa, huku asbesto ikiloweshwa na kutiwa katika mifuko miwiliwili. (Hapa kwetu, upepo wa kusi usivyo na staha, kuifanya kazi hiyo uwanjani kungekuwa balaa.)

Asbesto hainitatizi, kwani haikuwekwa ili ionekane: itatoka, sufi ya kioo itaingia, na bati lilelile litarudishwa. Kinachonitatiza ni rangi. Ile damu ya mzee ya magarimoshi ya Reli za Afrika Mashariki ni ya zama ambazo rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi, na fundi akiipiga msasa mkavu au kuichoma, vumbi na moshi wake humdhuru yeye, na watoto zaidi. Hata hivyo, rangi ndiyo historia yenyewe. Ikishakwanguliwa, nambari na herufi zilizofichika chini yake hazirudi. Rai yangu ni kwamba palipo imara pafunikwe kwa vanishi na wageni wasiguse, na palipobambuka pakwanguliwe pakiwa pameloweshwa, baada ya kila tabaka kupigwa picha. Wanaotaka garimoshi ling'ae kama jipya wanapamba, hawahifadhi.

Mwisho, kumbukumbu za kazi zikae katika jalada la garimoshi lenyewe, kwa sababu fundi atakayelifungua miaka 30 ijayo atahitaji kujua ni wapi asbesto ilitolewa na ni wapi, pengine katika viungo vya mabomba, iliachwa.