Maalimu Si Mwenye Kujua

Ndaga fijo kwa makaribisho, walimu watarajiwa. Nimepanda Tukuyu na neno moja tu, na wanaonifahamu wamekwisha kulichoka: maalimu.

Pwani na visiwani bado utalisikia. Huku kwetu tunasema mwalimu. Asili ni moja, muallim ya Kiarabu. Sasa, kila mahafali nikialikwa, lazima asimame bwana mmoja na tai yake atutangazie kwamba mwalimu maana yake ni "mwenye elimu". Siyo! Mwenye elimu ni alimu, na hao wakiwa wengi ndio maulamaa. Muallim ametoka kwenye kitenzi cha kusababisha: ni yule anayemfanya mwenzake ajue. Elimu ya kujua unaweza kujifungia nayo chumbani. Umaalimu lazima awepo mtu wa pili.

Mnataka ushahidi wa hapa hapa Rungwe? Kwa Kinyakyusa, ukumanya ni kujua. Kinyumbulishe kitenzi kisababishe, unapata ukumanyisya, na mwenye kazi hiyo ni ummanyisi. Mwarabu na Mnyakyusa hawakukaa kikao, lakini wamekata shauri moja.

Katika majahazi ya Bahari ya Hindi, muallim alikuwa mwongoza njia. Nahodha ana chombo na mali. Muallim ana nyota. Alishika kamal, kibao chenye uzi wa mafundo (msicheke, siyo kamali ya kubeti), uzi akauuma kwa meno, akapima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa mwongozaji Malindi, akamfikisha India kwa siku zipatazo 23. Waandishi wa Kireno wakamwita Malemo Cana. Hiyo "Malemo" ni nini kama si maalimu aliyekwama kwenye ulimi wa Mreno?

Najua kuna mtu anataka kuniambia alikuwa Ahmad ibn Majid. Ndivyo tulivyokaririshwa shuleni. Ibn Majid alikuwa muallim kweli, tena mwandishi hodari wa mambo ya bahari, lakini wanahistoria wengi wameshalikataa dai hilo. Tuendelee. Ninachotaka mkione ni kwamba melini hakuna aliyemuuliza muallim anajua nyota ngapi. Walimuuliza: tutafika? Wewe unamaliza silabasi Septemba, darasa zima liko bado Malindi, halafu unajiita mwalimu!

Mwingine atasema, basi hata jina la kazi yetu ni la kuazima. La kuazima hurudishwa, bwana. Kiswahili kiliikuta ile mu- ya mwanzo kikaifanya kiambishi cha ngeli: mwalimu, walimu, sawa na mwizi na wezi. Wingi wa Kiarabu hakuna aliyejisumbua nao. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, cheo kikamfuata mpaka Ikulu, wala sijasikia mtu akidai ni cha wageni.

Nilitaka niwaeleze na neno mkufunzi pia, ambaye ni Mbantu kamili, na fundi, ambaye kule Komoro ndiye mwalimu mwenyewe, siyo wa pikipiki. Mhadhiri nimwache, huyo hadhara inamtosha. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, ulizeni, ila yule wa Ibn Majid asubiri mwisho.