Msimle Jogoo

ODOI: Tumeanza. Hajati, macho mekundu hivyo, umelia au umekesha?

HADIJA: Nimekesha. Nilikuwa Bombo, kaskazini ya Kampala, kwa kaka yangu. Pale kuna jogoo anawika saa nane ya usiku. Si alfajiri, Odoi. Saa nane! Utadhani amelipwa.

ODOI: Si mumchinje?

HADIJA: Haruhusiwi kuchinjwa. Wakili amekataa.

ODOI: (anacheka) Subiri. Wakili wa nani? Wa jogoo?

HADIJA: Wa wifi yangu. Wasikilizaji mnamjua, ni yule aliyekuja hapa kutufundisha kukaanga kabalagala, akamwambia Odoi ana mikono ya kuchimba kisima.

ODOI: Maneno yale bado yananiuma.

HADIJA: Ndiye huyo. Alijifungua kwa kisu, hospitali ya binafsi. Sitaitaja. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Mama akarudi nyumbani, tumbo linamkata. Akarudi hospitali, akaambiwa ni gesi. Akarudi tena, akaambiwa wazazi wa mtoto wa kwanza hudeka. Homa ikapanda, kidonda kikaanza kutoa maji yenye harufu. Kaka akampakia kwenye gari, wakaenda hospitali nyingine, wakampiga skani, wakamfungua upya. Ndani wakakuta shashi.

ODOI: Kile kitambaa cha kufyonzea damu?

HADIJA: Hicho hicho. Kimekunjamana, kimeng'ang'ania utumbo.

ODOI: Pole sana. Sasa anaendeleaje?

HADIJA: Anakunywa uji, ananyonyesha, anatukana watu.

ODOI: Basi amepona.

HADIJA: Sasa wiki hii likaingia gari jeupe hadi uani. Wakashuka wanne: msimamizi wa hospitali, sista mkuu, mchungaji, na mwanamume mmoja mwenye mkoba ambaye hakujitambulisha. Wameleta sukari, sabuni, bahasha, na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

ODOI: Mchungaji? Kwenye nyumba ya Waislamu, Wanubi wa Bombo?

HADIJA: Akaomba vizuri tu, tukaitikia amina. Halafu yule wa mkoba akatoa karatasi. Imeandikwa kwamba familia imepokea msaada wa kibinadamu, kwamba hospitali haikubali kosa lolote, na kwamba hatutadai tena chochote popote. Mahakamani, kwenye baraza la madaktari, wala redioni.

ODOI: Na podikasti?

HADIJA: Podikasti hawakuitaja. Ndiyo maana niko hapa nakunywa chai yako.

ODOI: Kaka yako akatia sahihi?

HADIJA: Alirudisha karatasi, akarudisha bahasha bila kuifungua. Sukari na sabuni akaviweka mlangoni. Lakini wakati anasema hayo yote kwa hasira, mama yetu alishamfungua jogoo kamba, anampa maji nyuma ya nyumba.

ODOI: Mama!

HADIJA: Anasema kiumbe hana kosa. Wageni wakaondoka, jogoo akabaki. Sasa ukoo mzima una swali moja. Shashi wameisahau, wanauliza hivi: jogoo amekubaliwa au hajakubaliwa?

ODOI: Amekubaliwa. Amekunywa maji yenu.

HADIJA: Ulivyosema ndivyo alivyosema mjomba. Shangazi akasema hapana, kukubali ni kula. Imamu akaulizwa, akasema ni amana, mtunzeni mpaka mwenyewe ajulikane. Wakili akaulizwa kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema jogoo hana sahihi, mapatano ni karatasi na hiari ya mtu. Lakini msimle. Msiwape cha kusimulia mbele ya jaji. Tangu siku hiyo kaka anamwita Kielelezo.

ODOI: Kielelezo A!

HADIJA: Na Kielelezo ameshaanza kuwatembelea kuku wa jirani.

ODOI: Basi hapo kuna suala zito la kisheria. Vifaranga vya nani?

HADIJA: Odoi...

ODOI: Vifaranga ni riba, Hajati. Jaji akitoa fidia, hutoa na riba. Na pumba mnazomlisha ziingizwe kwenye gharama za kesi.

HADIJA: Turudi kwenye mada.

ODOI: Na siku akichinjwa, firigisi anapewa nani? Baba mwenye nyumba au wakili?

HADIJA: Wakili haruhusiwi! Na hili silisemi kwa utani. Pale langoni kwa hospitali alikuja bwana mmoja kumwambia kaka, nipe kesi hii, hutoi hata shilingi, tukishinda nachukua robo yangu. Tukadhani tumepata mkombozi. Huyu wakili wetu akatuambia kanuni za mawakili Uganda zinakataza wakili kugawana na mteja kile kitakachotolewa na hukumu. Marekani ndiyo kawaida yao, wakili anakula theluthi. Hapa, anayekusubiri langoni akitaka robo, ama si wakili ama anavunja kanuni mbili kwa mpigo, maana hata kuwinda wateja ni marufuku.

ODOI: Na asiye na pesa ya wakili?

HADIJA: Kuna FIDA, chama cha mawakili wanawake, kuna Justice Centres Uganda, kuna kliniki ya chuo cha sheria cha Law Development Centre, kuna mradi wa msaada wa Uganda Law Society. Mambo ya haki ya afya hasa, kuna shirika la CEHURD. Hawachukui kila kesi, lakini kuuliza ni bure.

ODOI: Sawa. Sasa mimi nataka kusema kitu ambacho hutakipenda.

HADIJA: Najua. Unataka tule jogoo.

ODOI: Nataka mle jogoo. Nisikilize! Sisemi mtie sahihi ile karatasi, ile ni ya kuchana. Ila wale watu wamekuja wenyewe. Wangapi huja? Kaeni chini, mwambieni wakili aandike karatasi yenu: walipe upasuaji wa pili, walipe miezi ambayo wifi hafanyi biashara, daktari aje aeleze kilichotokea. Muishie hapo. Hata ukienda Mahakama Kuu, kanuni za 2013 zitakupeleka kwenye usuluhishi kwanza. Kwa nini usianzie huko?

HADIJA: Kwa sababu watalipa kimya kimya, na kesho wanamfungua mwingine.

ODOI: Unajua kesi ya hospitali ya wilaya ya Nakaseke?

HADIJA: Naijua vizuri.

ODOI: Mama alifariki mwaka 2011 kwenye uchungu, daktari wa zamu hayupo. Kesi ikafunguliwa 2012. Hukumu ikatoka 2015. Shilingi milioni 35 kwa familia. Watoto wamekua bila mama, na hiyo ndiyo hesabu.

HADIJA: Unaona milioni 35, mimi naona jaji amesema hadharani kwamba haki za yule mama zilivunjwa, na wilaya ndiyo iliyoamriwa kulipa. Leo mimi na wewe tunaitaja kesi ile. Kama mume angepokea jogoo, tungeitaja?

ODOI: Usimtukane jogoo.

HADIJA: Sijamaliza. Kuhesabu shashi si kazi ya ubingwa, Odoi. Zinahesabiwa kabla ya kupasua, zinahesabiwa kabla ya kufunga, zinahesabiwa tena mwisho. Zina uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei, ili hesabu ikigoma mpige picha mtafute. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19, karatasi moja. Na usiniambie ni mambo ya Ulaya. Walipoijaribu kwenye miji minane, mmoja ulikuwa Ifakara, hapo Tanzania. Kwa jumla ya hospitali zile, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi!

ODOI: Karatasi inasomwa na mtu. Sasa nitakwambia kwa nini najali. Dada yangu ni nesi wa chumba cha upasuaji, wilayani. Usiku anaingia peke yake. Anampa daktari vyombo, anazunguka kuleta uzi, anampokea mtoto, na hapo hapo ahesabu shashi. Umeme ukikatika anashika tochi. Siku hesabu itakapompotea, wewe Hadija utampeleka wapi?

HADIJA: Sitampeleka yeye. Naishtaki hospitali. Mwajiri anajibu makosa ya mfanyakazi wake.

ODOI: Kwenye karatasi, ndiyo. Hospitali ikilipa leo, kesho inamfukuza sista. Daktari atahamia hospitali nyingine. Na najua unataka kuwashtaki kwenye mabaraza ya taaluma yao.

HADIJA: Nitaandika. Baraza la madaktari na baraza la manesi na wakunga, yote mawili. Baraza haliandiki hundi, fidia ni ya mahakama. Lakini baraza linaweza kumsimamisha mtu kazi, linaweza kumfuta kwenye daftari. Nataka jina la aliyesema hesabu imetimia liandikwe mahali.

ODOI: Hata kama alikuwa peke yake?

HADIJA: Kama alikuwa peke yake, aseme mbele ya baraza kwamba alikuwa peke yake! Hiyo ndiyo njia ya kumfikia mwenye hospitali anayebana ajira.

ODOI: Hatasema. Ana kodi ya nyumba. Ataomba radhi, atapigwa muhuri, basi.

HADIJA: Kwa hiyo wifi yangu anyamaze ili dada yako alale?

ODOI: Sikusema hivyo.

HADIJA: Ndivyo ilivyotoka.

ODOI: (kimya) Nasema ukimfundisha kila nesi kuogopa, siku nyingine atakayekuwa na shaka na hesabu hatanyanyua mkono. Atafunga mdomo, wafunge tumbo.

HADIJA: Na mimi nasema hofu iko tayari. Aliyemwambia wifi ni gesi alikuwa anaogopa nini? Wangemsikiliza siku ya kwanza, ningemsamehe hata huyo wa shashi. Kusahau naweza kukubali. Kumwambia mgonjwa anadeka, hapana.

ODOI: Hapo kwenye gesi niko na wewe.

HADIJA: Na kwenye baraza?

ODOI: Hapana.

HADIJA: Basi tumekwama.

ODOI: Tumekwama. Kielelezo anasemaje?

HADIJA: Usinichekeshe, nimekasirika.

ODOI: Nauliza kwa nia njema. Ukishinda kesi, anarudishwa kwao au anabaki Bombo?

HADIJA: Kaka anasema wakitaka kumrudisha atapelekwa na barua, na gari liwe letu, ili naye ashuke uani kwao mbele ya wagonjwa.

ODOI: Na mchungaji je?

HADIJA: Tutampeleka imamu. Akaombe dua, waitikie. (wanacheka wote)

ODOI: Hajati, wale wa kwaya wanagonga. Chumba ni chao kuanzia sasa, na mimi nilikuwa na karatasi hapa, nimeandika hatua za kuwasaidia wasikilizaji. Hatujagusa hata moja.

HADIJA: Soma lile la muda, ndilo linaloua kesi za watu.

ODOI: Madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe, hospitali ya binafsi, ni miaka mitatu. Hospitali ya serikali ni miwili. Ukipita hapo, kesi yako nzuri namna gani...

HADIJA: Na faili.

ODOI: Daftari lako la kliniki, lile unalonunua mwenyewe dukani, usilitupe wala usiwaachie. Maelezo ya upasuaji yako kwenye faili lao, omba nakala kwa maandishi, Hati ya Haki za Wagonjwa inakupa haki hiyo. Hospitali ikiwa ya serikali, kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya 2005, wana siku 21 za kukujibu. Halafu kuna suala la daktari bingwa wa kukutolea ushahidi, hilo lingehitaji...

HADIJA: Hilo ni kipindi kizima. Wanagonga tena.

ODOI: Tunakuja! Ndugu zetu wa kwaya, dakika moja. Hajati, dada yangu anasikiliza kipindi hiki.

HADIJA: Najua. Na wifi pia. Mwambie dada yako aje wiki ijayo, aketi hapo, aniambie mwenyewe usiku ule ukoje.

ODOI: Atakuja ukiacha kusema baraza.

HADIJA: Sitaacha.

ODOI: Basi sijui kama atakuja.

HADIJA: Muulize. Haya, zima, zima, wameshaingia na kinanda.