Kutoka kwenye breni hadi ombwe: kokotoa mwenyewe

Karibuni watazamaji. Leo tuko kwenye nadharia ya nyuzi, isemayo kwamba chembe ni nyuzi ndogo zinazotetema. Tutaitazama breni, yaani uso unaoshika ncha za nyuzi wazi, ikiyeyuka hadi ombwe, hali isiyo na breni. Chukueni karatasi, kalamu na kikokotoo. Hata cha kwenye simu kinatosha.

Chora mstari wa kulala na wa kusimama. Wa kulala ni t, uga wa takioni, yaani mtetemo wa chini kabisa wa uzi wazi, wenye ncha mbili, ulioshikwa na D-breni, ndiyo breni yetu. Wa kusimama ni nishati, tukiipima kwa mkazo wa breni yenyewe, yaani nishati iliyo katika kila kipande chake. Pale t ni sifuri, breni ni nzima, na nishati tunaihesabu sifuri. Mwaka 1999 Ashoke Sen alitabiri kwamba kuna bonde ambako nishati inashuka hadi −1 kamili: breni imekwisha, na nyuzi zake wazi zimetoweka. Nadharia tunayoitumia, ya uga wa nyuzi wazi, ni ya Edward Witten, ya mwaka 1986.

Sasa weka kando mitetemo mingine yote, ubaki na t tu. Andika:

2π² × (−t²/2 + K³t³/3)

K ni 3√3 gawanya kwa 4, yaani 1.299 hivi. Usiiguse namba hiyo. Inatokana na jinsi nyuzi tatu zinavyoungana.

Tafuta mahali mteremko ni sifuri. Utapata t = 1/K³, karibu 0.456. Irudishe kwenye fomula taratibu, na alama ya hasi usiiache njiani. Kama hujaona −0.685, simamisha video urudie.

Umeiona? Asilimia 68 ya breni nzima, kwa uga mmoja! Nimeifanya hesabu hii mara nyingi na bado inanisisimua. Sen na Barton Zwiebach waliongeza mitetemo hadi ngazi ya nne (ngazi huonyesha mtetemo uko juu kiasi gani), wakafika asilimia 98.6. Mwaka 2005 Martin Schnabl akapata suluhisho kamili: −1 yenyewe.

Tusiishie hapo, maana utamu uko hapa. Hamia bondeni: andika t = 1/K³ + s, kisha ufungue mabano. Neno la s peke yake linajifuta. Tazama neno la s²: lilikuwa −½, sasa ni +½, yaani tulikuwa juu ya kilima, sasa tuko chini ya bonde. Hatukuandika nadharia nyingine. Tumesogeza uga tu, na mazingira yamebadilika. Ukibeba mitetemo yote, walivyofanya Ian Ellwood na Schnabl mwaka 2006, huoni hata uzi wazi mmoja uliosalia.

Zungushia hiyo +½ kwa kalamu nyekundu. Video ijayo tutaanzia hapo.