Samaki Alaye Nchi Kavu kwa Maji ya Kinywani

Mabibi na mabwana,

Maji yanapokupwa katika mlango wa mto, samaki wengi huyafuata, lakini yuko mmoja mdogo, wa jenasi Periophthalmus, ambaye hubaki juu ya matope na hapo ndipo huanza kuwinda. Hujikokota kwa mapezi ya kifuani, macho yake yaliyotokeza juu ya kichwa yakichungulia huku na huko, na amwonapo kaa mdogo, mnyoo au mdudu, humrukia.

Swali ninalotaka tulitafakari ni moja: humezaje? Samaki aliye majini hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi na kulibeba windo ndani. Nchi kavu mbinu hiyo haifai, maana hewa ni nyepesi mno kuweza kumkokota kaa, na samaki huyu hana ulimi wa nyama, kama alio nao mjusi, wa kusukumia chakula kooni.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walieleza walichokiona katika picha za video za kasi za Periophthalmus barbarus, anayeishi pwani ya magharibi ya Afrika. Samaki huyo hutoka majini akiwa amebeba maji kinywani. Anapolifikia windo huyasukuma mbele hadi yaliguse, kisha huyafyonza tena pamoja na windo lenyewe. Mfupa wa sakafu ya kinywa, uitwao hayoidi, husogea kwa namna inayofanana na ya wanyama wenye ulimi, na kwa hiyo maji hayo yakafananishwa na ulimi. Chakula kilipowekwa juu ya kitu kinachonyonya maji, kumeza papo hapo kuliwawia samaki hao vigumu. Kwangu mimi jaribio hili dogo lina uzito kuliko picha zote, kwa sababu linathibitisha kwamba maji yale ni chombo cha kulia.

Ndugu yake, Boleophthalmus pectinirostris wa mwambao wa China, Korea na Japani, hawindi. Huburuza kinywa juu ya tope, kichwa kikiyumba kushoto na kulia, akikwangua miani midogo iitwayo diatomu.

Basi mkimwona samaki wetu akirejea kidimbwini katikati ya mawindo, msidhani kila mara kwamba ameogopa. Huenda amekwenda kujaza kinywa.