Kisu Ndicho Kilichoichelewesha Mashine ya Milingi

Ndugu washiriki, tumezoea kusikia kwamba mashine ya milingi, yaani mashine inayochonga chuma kwa kisu cha gurudumu lenye meno kinachozunguka, ni kazi ya mtu mmoja, mvumbuzi Mmarekani Eli Whitney, mwaka 1818. Watafiti wa baadaye wamelipinga hilo. Katika miaka ya 1810 na 1820 mafundi kadhaa wa bunduki nchini Marekani, wakiwemo Simeon North kule Middletown na John Hall kule Harpers Ferry, walikuwa wakitafuta njia ya kuachana na tupa ya mkono, kwa kuwa vipande vilivyosawazishwa kwa tupa havikulingana.

Walichofanya ni kuigeuza tupa iwe gurudumu, kisha wakaizungusha. Taabu ikaanzia hapo. Meno yalikuwa madogo na yamebanana, chembe za chuma zikaziba nafasi, kisu kikasugua badala ya kukata, kikapata moto na kulegea. Kikishakuwa butu, ilibidi kilainishwe motoni, meno yachongwe upya kwa tupa, kisha kipashwe moto na kuzimwa tena ili kiwe kigumu. Katika kuzimwa huko kingeweza kupinda au kupasuka. Ndiyo maana nasema fremu, yaani kiunzi cha mashine, haikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo kilikuwa kisu.

Fremu nayo ilikuwa ikiboreshwa. Mashine ya milingi iliyoitwa Lincoln, iliyoanza kutengenezwa Hartford mwaka 1855, ilisukuma meza kwa skrubu badala ya gia na reli yenye meno, na hivyo meza ikatulia zaidi chini ya kisu.

Kisha ikaja haja ya keekee. Mifereji ya msokoto ya keekee ilikuwa ikichongwa kwa mkono, kwa tupa ya duara, kwenye fimbo ya chuma cha pua. Fundi akipotoka kidogo, mfereji mmoja unakuwa na kina kuliko mwenzake, na keekee inatoboa tundu pana kuliko kipimo. Joseph Brown wa Providence alilitatua mwaka 1862 kwa mashine ambayo meza yake iligeuzwa kwa pembe ya msokoto, huku gia zikiunganisha skrubu ya meza na kichwa cha kugawia, yaani kifaa kinachoishika fimbo na kuigeuza kwa kipimo. Meza ikisogea, fimbo inajizungusha yenyewe. Mfereji wa kwanza ukiisha, fimbo inageuzwa nusu mzunguko, unakatwa wa pili.

Mimi naona kubwa zaidi ni alichokisajili Brown mwaka 1864: kisu cha kukatia gia ambacho mgongo wa kila jino unabeba umbo lile lile kutoka mbele hadi nyuma. Unasaga uso wa mbele tu, na umbo halibadiliki hadi jino liwe jembamba mno. Sharti ni moja: uso huo uelekee katikati ya kisu, kama ulivyotengenezwa. Ukiusaga ukainama, jino la gia linatoka na umbo lisilo lake, na gia zitapiga kelele na kulika mapema hata kama idadi ya meno ni sahihi.